Mafunjo ya Mto Sio: bidhaa inayoota pande zote mbili za mpaka

Na Mwandishi Wetu

MIKEKA iliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba ni mzigo wa kawaida katika mpaka wa Busia. Hubebwa kichwani, hupakiwa nyuma ya baiskeli, hurundikwa juu ya matatu. Mazungumzo ya wafanyabiashara wa mpakani huwa juu ya mchele, sukari, mayai, mahindi na vitenge; mkeka hutajwa mwisho, kama hutajwa kabisa. Hata hivyo, hakuna bidhaa nyingine sokoni hapo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi nchi hizi zilivyoshonwa pamoja, kwa maana mmea unaotoa mkeka huo hauna upande. Unaota Kenya na Uganda kwa wakati mmoja, katika tope moja.

Mto Sio huteremka kutoka nyanda zilizo chini ya Mlima Elgon, na katika sehemu yake ya chini ndio huwa mpaka wenyewe kabla ya kumwaga maji Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Berkeley. Ng'ambo ya Kenya kuna Sio Port, ng'ambo ya Uganda kuna Majanji. Kati yake, mto unapopunguza mwendo, ardhi hugeuka kinamasi kimoja baada ya kingine, na vinamasi hivyo ndivyo wataalamu wanaviita ardhi oevu ya Sio-Siteko. Wasamia wanaishi kingo zote mbili. Ukoo mmoja unaweza kuwa na shamba Kenya na makaburi Uganda, na mwanamke anayeingia majini na panga kukata mabua hapimi kwanza yuko nchi gani.

Mmea anaoukata ni mafunjo. Hapa kuna jambo la kumfurahisha yeyote anayependa lugha zetu. Mswahili anasema mafunjo, Mnyarwanda na Mrundi wanasema urufunzo, Mnyankole anasema orufunjo. Ni neno moja lililosafiri katika nchi nne bila cheti cha uasilia. Waganda wana lao, ebitoogo, na Wajaluo wanasema togo, maneno mawili ambayo nayo yanakaribiana ingawa Kiganda na Dholuo ni lugha za familia tofauti kabisa. Watu wa ziwa wamekuwa wakiuziana kitu hiki muda mrefu kuliko mipaka yao.

Mafunjo ni ndugu wa ndago, lile gugu linalowasumbua wakulima, ila hili limekua likawa jitu. Bua lake lina pembe tatu, halina majani ya maana, na linaweza kupanda hadi mita 4 au 5. Kazi ambayo mimea mingine hufanya kwa majani, lenyewe hulifanya kwa bua la kijani na kile kishada cha nyuzinyuzi kilicho kileleni, kinachofanana na nywele zilizosimama. Chini ya maji, mashina manene hutambaa na kushikana na mizizi mpaka yakawa kama mkeka mwingine, mzito, unaoweza kuelea. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea juu ya kinamasi cha mafunjo huku chini yake kuna maji ya kumzamisha.

Wamisri wa kale walipasua bua hilihili, wakapanga vipande, wakagonga na kukausha, wakapata kitu cha kuandikia. Waarabu walipolichukua jina la Kigiriki la ukurasa huo wakaliita qirtas, nasi tukapata karatasi. Kwa hiyo risiti yako ya forodha ina jina lililotoka kwenye mafunjo, ingawa yenyewe imetengenezwa kwa miti. Kwao Misri mmea huu karibu ulitoweka kabisa porini. Uliobaki kwa wingi uko huku kwetu, kwenye chanzo cha mto uleule.

Kinachotoka kinamasini

Kwa mfanyabiashara, funjo moja ni bidhaa kadhaa. Ganda la nje la kijani, likichunwa na kukaushwa, hufumwa mikeka laini, vikapu na kofia. Mabua mazima yakishonwa kwa kamba hutoa mikeka minene ya kuzungushia ua, kuweka dari chini ya mabati, kufunika matofali mabichi yasipasuke kwa jua, na kujenga vibanda vya sokoni. Kishada na mabua yaliyokauka huezekea nyumba au huishia jikoni kama kuni. Mvuvi naye anahitaji mahali pa kuanika dagaa, ambao Mkenya atawaita omena na Mganda mukene, ili wasishike mchanga. Msimu wa mavuno, mkulima wa mpunga na wa muhogo anahitaji kitu hichohicho.

Kwenye kingo ambako maji si ya kina, mafunjo huyaachia nafasi mengine. Kuna matete, yale mabua magumu ya kutengenezea uzio na matega ya samaki. Kuna ambachi, mti mwepesi ajabu ambao wavuvi hukata vipande kuwa maboya ya nyavu. Kuna yungiyungi juu ya maji yaliyotulia. Kuna mkindu, ambao unapenda pahali penye unyevunyevu. Makuti yake machanga ndiyo ukindu, unaofumwa mikeka ya rangi kuanzia Pemba hadi Kampala. Mteja wa Mombasa anayedhani mkeka wa ukindu ni wa pwani peke yake angeshangaa kuona ndugu zake walioshonwa Uganda kwa mmea uleule. Na katika mabonde yaliyofunguliwa na jembe kuna magimbi, ambayo Wakenya huyaita nduma na Waganda mayuni, chakula cha asubuhi kinachouzwa vizuri katika nchi zote tatu.

Soko la vikapu limepata msukumo ambao haukupangwa na mtu wa mikeka. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali. Tanzania ikafunga mlango tarehe 1 Juni 2019. Mwanamke aliyezoea kuvuka na bidhaa katika mfuko wa plastiki sasa anahitaji kikapu, na kikapu kinaota mtoni. Kwa maoni ya mwandishi huyu, fursa hiyo haijatumiwa hata nusu. Mifuko mingi iliyochukua nafasi ya plastiki imetengenezwa kwa nyuzi za viwandani, wakati mafunjo yanaozea majini.

Kukata na kuchimba

Swali ambalo mnunuzi mzuri anapaswa kumuuliza muuzaji wa mabua si bei tu, bali kuwa yamekatwa lini mara ya mwisho mahali hapo. Mafunjo hukua upesi sana. Kinamasi kilichokatwa mara moja huota tena, na katika muda unaokaribia mwaka huwa kimerudi katika unene wake. Kikikatwa tena na tena kila baada ya miezi michache, mashina yaliyo chini ya maji huishiwa akiba, mabua yanayotoka huwa mafupi na membamba, na mimea mingine huingia. Mkeka wa mabua machanga hujikunja ukikauka, nyuzi zake hukatika, na mteja hakurudii. Kwa hiyo ubora wa mzigo wako Kampala au Kisumu uliamuliwa na mtu aliyesubiri, au hakusubiri, mwaka uliopita.

Hapo ndipo mpaka unapoleta taabu. Kijiji kimoja kinaweza kukubaliana kwamba sehemu hii inapumzika mwaka huu. Lakini ng'ambo, umbali wa kutupa jiwe, kuna kijiji ambacho hakikuwamo katika kikao hicho, kiko chini ya sheria nyingine na serikali nyingine. Uganda, kwa Katiba yake ya 1995, inasema ardhi oevu inashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Kenya ina kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria yake ya mazingira. Tanzania, kwa sheria ya 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kila moja ni sheria nzuri kivyake. Maji ya Sio hayajazisoma.

Asasi za pamoja zipo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao yake Kisumu, na Mpango wa Bonde la Mto Nile ulioanzishwa 1999 umefanya kazi katika Sio-Siteko. Kinachokosekana mara nyingi ni mfanyabiashara mezani. Wakulima huitwa, wavuvi huitwa, maofisa hawakosi. Anayenunua mabua elfu moja kwa mkupuo, ambaye agizo lake ndilo linaamua kama kinamasi kitakatwa mara moja au mara tatu, haitwi.

Hata hivyo, kukata si hatari kubwa. Hatari ni kuchimba. Mtu anapofungua mfereji, maji yakaondoka, akachoma mafunjo na kung'oa mashina yake ili apande mpunga, mmea haurudi. Udongo mweusi uliojijenga kwa mabua yaliyooza kwa karne nyingi hutoa mavuno mazuri mwanzoni, kisha hukauka, hudidimia na kupoteza rutuba. Uganda imeona hili waziwazi: ardhi oevu ilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, na ilipofika 2019 ilikuwa chini ya asilimia 9. Mashariki ya nchi hiyo, upande huu wa mpaka wetu, mpunga ndio uliochukua nafasi kubwa. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kusitisha kilimo cha mpunga katika ardhi oevu, na ubishi haujaisha tangu hapo, kwa sababu watu wanaokula na kusomesha watoto kwa mpunga huo si wachache.

Na tuseme ukweli bila kumung'unya maneno: mchele huo ndio unaovuka Busia. Msomaji mmoja wa gazeti hili anauza mikeka na mwingine anauza mchele, na huenda wote wawili wanapanga kibanda kimoja. Haifai kumlaumu wa pili. Lakini anastahili kujua kwamba gunia lililolimwa katika mradi wenye maji yaliyopangwa na gunia lililolimwa kwenye kinamasi kilichokaushwa jana si gunia moja. La pili halina uhakika wa mwaka wa tano.

Rwanda ilijifunza somo hilo kwa bei ya umeme. Kinamasi cha Rugezi, kaskazini, si mbali na mpaka wa Cyanika unaoingia Uganda, ndicho kinacholisha Ziwa Burera, na maji ya ziwa hilo huzungusha mitambo ya Ntaruka. Rugezi ilipokaushwa kwa kilimo, ziwa lilishuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ntaruka ilipungukiwa maji kiasi cha nchi kulazimika kutafuta umeme wa jenereta za dizeli. Serikali iliwaondoa wakulima kinamasini, jambo lililowaumiza wengi wao, na mimea ikaachwa irudi. Maji yalipanda. Mwaka 2010 Rwanda ilitunukiwa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Kinyozi, msaga nafaka na mwenye friji ya soda waliokuwa gizani hawakuwa wamewahi kufika Rugezi.

Samaki wanaojificha

Wauza samaki nao wana hisa humu. Sangara, mbuta kwa Wakenya, mputa kwa Waganda, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 na akawala samaki wa asili mpaka spishi nyingi zikatoweka. Ila ana udhaifu mmoja: anahitaji hewa ya oksijeni kwa wingi, na ndani ya mafunjo maji yana hewa kidogo. Kambare na kamongo wanaweza kuvumilia, na samaki wadogo wa asili wamejizoesha. Kwa hiyo mafunjo ni ngome ambayo adui hawezi kuingia. Katika Ziwa Kanyaboli, lililozungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala kusini mwa Busia, bado kuna ngege wa zamani ambaye katika ziwa kubwa ni adimu. Ukilima mafunjo hayo, umemfungulia sangara mlango.

Kazi nyingine ya mafunjo haionekani kabisa. Huchuja. Mbolea inayosombwa kutoka mashambani, maji machafu ya miji, tope la mvua, vyote hupunguzwa kasi na kunyonywa na ile mizizi. Kampala inalijua hili: maji taka yake hupita kinamasi cha Nakivubo kabla ya kufika ghuba ambayo jiji lenyewe huchota maji ya kunywa. Kadiri kinamasi kinavyojengwa na kulimwa, ndivyo gharama ya kusafisha maji inavyopanda.

Mbolea isiyochujwa humlisha mgeni mwingine. Gugu maji, lenye maua mazuri ya zambarau, lilitoka Amerika ya Kusini, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likiletwa pia na Mto Kagera kutoka Rwanda. Katika hali nzuri huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Mwaka 1998 lilifunika zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Gati la Kisumu likazibwa, boti zikashindwa kutoka, mizigo ikahamia barabarani. Lilishindwa kwa fukusi wawili wadogo walioletwa kutoka kwao, wakaachiwa Uganda mwaka 1995 na baadaye Kenya na Tanzania, wakisaidiwa na hali ya hewa. Halijaisha. Mbegu zake hulala topeni miaka mingi na kuamka maji yakipanda.

Maji yakipanda hufanya na jambo jingine. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi yake ya 1964. Mafunjo yalikatika kingoni kwa vipande vikubwa na kuelea kama visiwa, na mwezi wa Aprili kisiwa kimoja kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale, Jinja. Uganda nzima ilikosa umeme. Mtu anaweza kusema basi mafunjo ni balaa. La hasha, kinamasi kilichodhoofishwa kwa kulimwa na kuchomwa upande wa nchi kavu hakina pa kujishikilia ziwa linapokuja.

Kuvusha bidhaa za mimea

Mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa cheti rahisi cha uasilia kinachogongwa muhuri pale pale mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha. Sharti ni kwamba bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Kabla ya kununua mikeka 200 kwa mkopo, nenda kwenye dawati la habari za biashara mpakani uulize kama bidhaa yako imo, na imeandikwa kwa jina gani. Jina lina uzito: mkeka ni kazi ya mikono, bua ni zao la shamba, na ofisa anaweza kuvipeleka katika milango miwili tofauti.

Msamaha wa ushuru haukuondolei ukaguzi wa afya ya mimea. Kenya kazi hiyo hufanywa na KEPHIS, Tanzania na TPHPA, na Uganda na wizara ya kilimo. Mkeka uliofumwa na kukauka vizuri hauna neno nyingi. Miche ya magimbi, vipande vya mkindu vya kupanda, au mabua mabichi yenye mizizi na tope ni habari nyingine: huhitaji kibali cha nchi unayoingia na cheti cha nchi unayotoka, na Kenya hairuhusu kabisa mimea iliyo kwenye udongo. Gugu maji bichi usilivushe kwa namna yoyote, hata kama kuna fundi ng'ambo anayelihitaji kwa viti na vikapu. Kausha kwanza mabua, kata mizizi, hakikisha hakuna maua wala mbegu. Boti na nyavu zilizotoka eneo lenye gugu zioshwe kabla ya kuingizwa maji mengine. Kipande kimoja kilichonasa kwenye wavu kinatosha kuanzisha shamba.

Kwa wale wanaotumia Mutukula badala ya Busia, jirani yao ni kinamasi cha aina nyingine kabisa. Minziro upande wa Tanzania na Ghuba ya Sango upande wa Uganda ni msitu unaosimama majini karibu na Mto Kagera, na humo mna podo, mti ambao kwa kawaida ni wa milimani. Mbao za podo zilikatwa kwa wingi huko Sango zamani, na soko lake halijafa. Anayepewa mbao hizo kwa bei ya kutupa Mutukula aombe hati ya mahali zilipokatwa kabla ya kutoa pesa, kwani mzigo usio na hati ukikamatwa, hasara humwangukia anayeusafirisha.